Usimnyoe mbwa wako anayezurura porini, mlete nimpapase

Kazi yangu ni kuogesha mbwa na kuwalaza kwangu wenye mbwa wakisafiri, na wateja ninaowapenda kuliko wote ni wale wenye mbwa wa mbio mbio, wanaopanda milima, wanaoogelea, wanaofukuza kila kinachotikisika kwenye majani. Ila ndo hao hao wanaoshuka kwenye gari wakaniambia fundi mnyoe tu yote, joto limezidi.

Hapana jamani. Mbwa mwenye manyoya ya tabaka mbili, kama Husky au German Shepherd, lile tabaka la juu ndo mwavuli wake, linamkinga na jua, na ukilinyoa kuna wengine halirudi kama lilivyokuwa, linaota mabaka mabaka. Kinachomsumbua ni manyoya laini ya ndani yaliyokufa yakaganda humo humo, hayo nayatoa kwa kitana na upepo wa blowa mpaka nikipuliza naiona ngozi. Na nachana kabla ya maji, siyo baada, kwa sababu manyoya yaliyosokotana yakilowa yanakaza zaidi, chini yake unyevu unabaki, siku mbili tatu baadaye unakuta kidonda kinanuka.

Ila niseme ukweli, shampuu kwangu ni kisingizio tu, kazi yenyewe inafanywa na vidole. Nampapasa mbwa mzima kuanzia ndani ya masikio, chini ya kola, kwapani, chini ya mkia, mpaka katikati ya vidole, kwa sababu kupe ndo wanajificha huko. Yule aliyeshiba akawa kama punje ya maharage kila mtu anamwona, mimi nawasaka wale wadogo kama ufuta, maana nao wanaweza kubeba magonjwa ya damu kama babesia na ehrlichia. Ukimpata mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu bila kumsokota. Habari za mafuta ya taa na kiberiti achana nazo, unamchoma mbwa bure.

Kuna Spaniel mmoja aliletwa kwangu, dada mwenye naye akasema huyu siku hizi analamba mguu tu, nahisi amechoka kukaa ndani. Nikamtenganisha vidole, nikaona katundu kama kichwa cha pini kanatoa majimaji. Mbegu ya nyasi, ile yenye ncha kama mshale, ikishachoma inakwenda mbele tu hairudi nyuma, na ikiachwa inaweza kupanda na mguu. Sikuchokonoa kabisa, nikawaambia wapitilize kwa daktari wa mifugo, na kweli ikatolewa huko, ndefu kama kucha ya kidole changu cha mwisho! Siku hizi mbwa yeyote aliyetoka majanini naanza na miguu, mengine baadaye.

Masikio: akitoka kuogelea yakaushe, hasa yale yanayolala. Basi.

Upande wa kulaza, watu wananiuliza chumba kina ukubwa gani, wakati swali la maana ni atatoka mara ngapi na nani ameshika kamba. Mbwa aliyezoea kilomita 10 ukimfungia kwenye banda hata liwe la kifahari vipi atatafuna mlango. Mvua ikitufungia namwaga chakula chake cha punje kwenye taulo lililokunjwa, atafute kwa pua, dakika 15 za kunusa zinamchosha ajabu. Akishashiba hakimbii kwanza, nampumzisha saa moja au mbili, maana wale wa vifua virefu tumbo linaweza kujaa gesi likajipinda, na hapo ni kukimbizana na muda.

Chanjo ya kikohozi cha mbwa msimpe asubuhi ya kumleta, inahitaji siku kadhaa ianze kufanya kazi, na ile ya sindano kwa mara ya kwanza huwa inataka dozi mbili, kwa hiyo anzeni mapema. Chakula mje nacho cha kwenu, ukimbadilishia ghafla ataharisha halafu lawama zinakuja kwangu. Na kile kitambaa anacholalia msikifue, najua kinanuka, kije hivyo hivyo, maana usiku wa kwanza wengi hawagusi chakula, wanazunguka zunguka weee, mwisho wanakikunja kwa pua na kulala juu yake.