Daftari la makosa likiwa tupu, mimi naogopa

Nimesikia tena, safari hii kwa mkuu wa kituo kimoja cha afya hapa Tanga: "Kwetu hakuna shida, sista. Sisi ni familia, hata daftari la matukio halina kitu." Jamani! Wodi inachoma sindano usiku na mchana, halafu mwezi mzima hata dozi moja haijachelewa?

Jambo hili lilishapimwa. Mtafiti Mmarekani, Amy Edmondson, alichunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali za Marekani, na katika chapisho lake la 1996 alikuta kinyume cha alichotarajia: timu zilizoelewana vizuri ndizo zilizoonekana na makosa mengi. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba huko watu walithubutu kusema walipokosea.

Kinachonikera hasa ni kisingizio cha heshima, eti huku pwani mdogo hambishii mkubwa. Mhudumu aliyeniamkia shikamoo asubuhi anaweza saa nne kuniambia, "Samahani sista, huyu wa kitanda cha sita si ndiye mwenye aleji ya penisilini?" Adabu yake haijapungua hata chembe. Kinachomfunga mdomo ni kumbukumbu ya siku aliyosema, daktari akamuuliza mbele ya ndugu wa mgonjwa, "Kwani wewe umesomea wapi?" Swali hilo moja hunyamazisha zamu nzima, maana habari hufika chumba cha chai kabla ya aliyelisema. Kisha bosi huyohuyo anatangaza kikaoni kuwa yuko tayari kumsikiliza yeyote. Kukaribisha maoni ni rahisi. Kazi ipo kwenye uso utakaomwonyesha mtu akishasema, hasa akiwa amekosea.

Wengine hata hawapati nafasi ya kunyamaza. Ripoti ya zamu inatolewa, mhudumu na anayejitolea wako nje wanasukuma machela, na hao ndio waliokesha karibu na wagonjwa.

Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya 2008 inataka kila aliyemo chumbani ataje jina na kazi yake kabla ya kisu. Wengi hukiruka kipengele hicho: "Si tunajuana?" Ilijaribiwa katika hospitali nane, moja ikiwa Ifakara, hapahapa nchini, na matokeo ya 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Utafiti ule haukupima kipengele kimoja kimoja, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba kutajiana majina ndiko kulikookoa watu.

Wala semina ya uongozi jumuishi, yaani bosi kumpa kila mtu nafasi ya kusema, haiongezi watumishi. Muuguzi mmoja akishika wodi nzima usiku, sijui huo uongozi jumuishi unamjumuisha na nani.

Na mama akivuja damu sitaki mjadala, nataka oksitosini, dawa ya kuzuia damu baada ya kujifungua. Akishatulia tunakaa, na wa kwanza kuulizwa ameona nini ni mwenye cheo cha chini kabisa. Akianza daktari, wengine wote watakuwa wameona alichoona yeye.