Kumkumbuka Mpendwa Aliyechukuliwa na Maji

Katika kazi yangu ya ushauri nasaha, swali ninaloulizwa zaidi na walionusurika mafuriko, matetemeko na maporomoko ya ardhi ni kama wanaruhusiwa kumwombolezea mtu ambaye hawakumzika. Huliuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba kumwita marehemu ni kumuua mara ya pili.

Pauline Boss, mtaalamu wa Marekani aliyezichunguza familia za wanajeshi waliopotea katika vita vya Vietnam, alionyesha tangu miaka ya 1970 kwamba kumpoteza mtu bila uhakika wa kifo chake kuna uzito wa peke yake. Mpendwa hayupo machoni, lakini kwa kuwa hakuna mwili wala kaburi, moyo hauna pa kuanzia maombolezo, na huzuni hukwama hapo hapo ilipoanzia. Mfiwa wa namna hii hana kasoro yoyote. Kilicho kigumu ni hali yenyewe aliyotumbukizwa. Na maafa ya asili huwatumbukiza watu wengi kwa pamoja: tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 iliua watu wapatao 230,000 kandokando ya Bahari ya Hindi, na huko Aceh, Indonesia, makumi ya maelfu walizikwa katika makaburi ya halaiki bila majina.

Ndiyo maana siwahimizi watu "wakubali yaliyotokea". Neno hilo, hata likisemwa kwa nia njema, huwaumiza. Ninachowaambia ni kwamba inawezekana kusema kwa pumzi moja, "Huenda hatarudi, na bado namsubiri," kisha tukatafuta mahali na wakati wa kuzungumza naye.

Japani pana mahali pa namna hiyo. Mwaka 2010, katika mji wa Otsuchi, Itaru Sasaki aliweka bustanini mwake kibanda cheupe chenye simu nyeusi ya kuzungusha namba, isiyounganishwa na waya wowote, ili azungumze na binamu yake aliyefariki. Tsunami ya tarehe 11 Machi 2011 ilipoupiga mji huo, aliwafungulia wengine mlango, na maelfu wamefika kuinua mkono wa simu hiyo na kusema yale ambayo hawakuwahi kuyasema. Wote wanajua kwamba hakuna atakayeitika. Kuna maneno ambayo hayaachi kumsumbua mtu mpaka ayatamke kwa sauti, hasa yale ya mzazi ambaye mkono wa mwanawe ulimponyoka majini.

Kumbukumbu ya kila mwaka nayo inahitaji maandalizi, kwani picha za mawimbi hurudi kwenye televisheni na mwili hushtuka kabla akili haijatambua. Nawasihi wafiwa wazime picha hizo bila kuona haya.

Mzee mmoja niliyemhudumia alikuwa akiichaji simu ya mke wake kila jioni, miaka miwili baada ya mafuriko. Watoto wake walitaka nimshawishi aache. Sikufanya hivyo, nilimwomba tu anisimulie habari za mkewe, na ilimchukua wiki nyingi kufika kwenye siku yenyewe. Sasa huichaji mara moja kwa mwaka, siku ile maji yalipokuja, na watoto huketi pamoja naye wakizitazama picha alizozipiga mama yao.