Visukuku vinathibitishaje mageuko? Tazama mpangilio wake

Kisukuku ni mabaki au alama ya kiumbe wa kale iliyohifadhiwa ndani ya mwamba: mfupa, jino, ganda la konokono, jani lililochapika kwenye tope, hata unyayo. Mageuko ni kubadilika kwa viumbe kizazi baada ya kizazi, hadi wazawa wa mbali wakawa spishi tofauti kabisa na mababu zao. Wengi wakisikia kwamba visukuku ni ushahidi wa mageuko, hutafuta mfupa mmoja wa kumaliza ubishi. Mfupa wa namna hiyo haupo, wala hauhitajiki. Uzito wa ushahidi uko katika mpangilio: kipi kimelala chini, kipi kiko juu yake, na vinafuatanaje katika mamilioni ya miaka.

Mnyama akifa nyikani, fisi na tai humla, jua na mvua huipasua mifupa, na baada ya miaka michache hakuna kinachoonekana. Ili mfupa udumu, sharti ufunikwe mapema na tope la mto, mchanga wa ziwa au majivu ya volkano. Maji yenye madini huupenya polepole na kuacha madini hayo ndani yake, hadi unakuwa jiwe. Bonde la Ziwa Turkana lina visukuku vingi kwa sababu mito ilimwaga tope humo kwa mamilioni ya miaka, volkano zikamwaga majivu juu ya tope, kisha ardhi ya Bonde la Ufa ikapasuka na kuinuka, na leo mmomonyoko unafukua kilichozikwa. Nairobi yenyewe imekalia lava iliyoganda, na lava ya moto haihifadhi mfupa, inauteketeza. Lakini ukishika barabara ya Magadi hadi Olorgesailie, kilomita 70 hivi kutoka jijini, utakuta matabaka meupe ya ziwa lililokauka zamani, yenye mashoka ya mawe na mifupa ya nyani wakubwa kuliko wa leo, spishi iliyokwisha kutoweka.

Tabaka la chini liliwekwa kabla ya la juu, isipokuwa pale ardhi ilipopinduka, na wanajiolojia wanajua kuzitambua sehemu hizo. Majivu ya volkano ndiyo yanayotupa umri wa miaka. Ndani yake mna potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo ni ya mnururisho: nusu yake hubadilika katika miaka bilioni 1.25, baadhi ikiwa gesi ya argoni. Mwamba ukiwa umeyeyuka gesi hiyo hutoroka, ukiganda huanza kujikusanya upya. Ukipima argoni iliyokusanyika, unapata umri wa majivu. Mfupa uliolala kati ya matabaka mawili ya majivu hauwezi kuwa mkongwe kuliko la chini wala mchanga kuliko la juu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hauhusu binadamu. Unahusu nguruwe.

Afrika Mashariki ilikuwa na koo kadhaa za nguruwe pori, nyingi zimetoweka, nao waliacha meno mengi mno kwa sababu jino ni gumu kuliko mfupa. Ukipanga magego yao ya nyuma kabisa kufuata matabaka, kuanzia ya chini kwenda ya juu, unaona yakirefuka na kuinuka hatua kwa hatua. Koo zaidi ya moja zilielekea huko huko, wakati ambapo nyasi zilikuwa zikitanda mahali penye miti. Nyasi zina chembe ngumu za silika, na mara nyingi huliwa pamoja na vumbi. Jino fupi huisha mapema, na nguruwe asiye na meno hali. Waliozaliwa na magego marefu kidogo waliishi zaidi na kuzaa zaidi. Ngiri unayemwona akipiga magoti kula nyasi katika Mbuga ya Nairobi ana gego la namna hiyo, refu na lenye nguzo nyingi.

Meno hayo yaliwahi kuwekwa kwenye mtihani mkali. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo alipata vipande vya fuvu la jamaa wa kale wa binadamu huko Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, fuvu linalojulikana kwa namba 1470. Lilikuwa chini ya tabaka la majivu ambalo maabara ilikuwa imelipa umri wa miaka milioni 2.6. Fuvu lenye ubongo mkubwa kiasi kile, katika umri ule, lingevuruga mambo mengi. Waliosoma nguruwe wakapinga. Chini ya majivu yale kulikuwa na meno ya nguruwe wa hatua ile ile iliyopatikana ng'ambo ya mpaka, bonde la Omo nchini Ethiopia, katika matabaka ya miaka milioni 2 hivi. Ubishi ulikuwa mkubwa na ulidumu kwa miaka. Majivu yalipopimwa upya katika maabara nyingine, umri ukatoka karibu milioni 1.9. Nguruwe walikuwa sahihi.

Hapo panafaa kutulia. Kama meno yale yangekuwa yamebadilika ovyo, au kama kila aina ya nguruwe ingekuwa imejitokea yenyewe bila uhusiano na iliyoitangulia, isingewezekana kulitumia gego kusahihisha kipimo cha argoni. Iliwezekana kwa kuwa badiliko lilifuata njia moja kwa mfuatano, katika nchi mbili, kwa wakati mmoja.

Mpangilio huo ungeweza kuvunjika kirahisi. Mifupa ya dinosaria imepatikana Turkana pia, upande wa kaskazini-magharibi ya ziwa, lakini katika miamba mikongwe mno, ya kabla ya dinosaria kutoweka miaka milioni 66 iliyopita, na hakuna fuvu la binadamu lililowahi kutoka humo. Lingetoka moja tu, pasipo shaka kuhusu tabaka lake, nadharia nzima ingetikisika. Tena mpangilio hutabiri. Samaki wenye mapezi ya nyama walitangulia, wanyama wa miguu minne wakafuata, na katikati palikuwa na pengo. Watafiti walichagua miamba ya umri wa pengo hilo, iliyotokana na mito isiyo na kina, kaskazini kabisa mwa Kanada. Mwaka 2004 wakapata Tiktaalik, wa miaka milioni 375 hivi: ana magamba na mapezi, lakini pia ana shingo, na ndani ya pezi mna mifupa inayofanana na ya kiwiko na kifundo cha mkono.

Kwetu sisi binadamu mpangilio ulileta habari ambayo wengi hawakuitarajia. Wasomi wa zamani walidhani ubongo mkubwa ndio uliotangulia. Mfupa wa muundi kutoka Kanapoi, kusini-magharibi ya Ziwa Turkana, una umri wa zaidi kidogo ya miaka milioni 4, na mwenye mfupa huo alitembea wima kwa miguu miwili. Nyayo za Laetoli nchini Tanzania, za miaka milioni 3.6 hivi, zinasema vivyo hivyo. Ubongo wa viumbe wa nyakati hizo ulikuwa bado mdogo, unaokaribiana na wa sokwe. Kisha tunamfikia Mvulana wa Turkana, ambaye marehemu Kamoya Kimeu aliona kipande cha kwanza cha fuvu lake mwaka 1984, kando ya mto mkavu wa Nariokotome. Aliishi karibu miaka milioni 1.5 iliyopita. Miguu yake ni mirefu kama yetu, ilhali ubongo wake ulikuwa wa sentimita za ujazo 880 hivi. Wetu ni kama 1,350. Tulisimama kwanza, ubongo ukakua baadaye. Mwaka 2006, makumbusho ya Nairobi yalipokuwa yakikarabatiwa, baadhi ya viongozi wa makanisa walitaka maonyesho ya mifupa hii yasipewe nafasi kubwa. Naiheshimu imani ya mtu, lakini kijana wa Kenya ana haki ya kuiona mifupa iliyotoka kwenye ardhi yake na kuambiwa ilipatikana katika tabaka lipi.

Swali linalorudi kila mara ni hili: kama tulitokana na nyani, mbona nyani bado wapo? Visukuku havisemi tulitokana na nyani wa leo, vinasema tuna babu mmoja nao. Kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria kimetoa mifupa ya kiumbe wa miaka milioni 18 hivi, ambaye Mary Leakey alipata fuvu lake mwaka 1948. Hakuwa na mkia, kama sokwe na sisi, ila alitembea juu ya matawi kwa miguu minne kama kima. Ndugu wakigawanyika, mmoja hatoweki kwa sababu mwenzake amehamia kwingine.

Mapengo yapo, na sababu yake ni ile ya fisi na mvua. Sokwe mtu ni mfano mzuri. Jamaa zetu hawa wa karibu zaidi huishi kwenye misitu yenye unyevu, ambako mfupa huoza upesi, na kwa miaka mingi hapakuwa na kisukuku chao hata kimoja. Meno ya kwanza yalitangazwa mwaka 2005, nayo yalitoka hapa Kenya, karibu na Ziwa Baringo, nchi ambayo leo haina sokwe mtu wa porini. Yana umri wa zaidi ya miaka 500,000. Miamba hiyo hiyo imetoa pia mabaki ya binadamu wa kale, kwa hiyo koo hizo mbili, zilizokwisha kuachana mamilioni ya miaka kabla, ziliishi katika Bonde la Ufa lile lile kwa wakati mmoja.