Seva ya ofisi ndogo: nini kiwemo, nini kibaki nje

Ofisi ya watu kumi hivi ikishaamua kununua seva, maombi huja kwa mkupuo: iwe na barua pepe, tovuti, kamera, mfumo wa stoo, na intaneti nayo iongezeke kasi. Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, inayaweza karibu yote hayo bila leseni ya kulipia, na hapo ndipo watu wanaponogewa. Kuweka programu ni amri moja. Kuitunza ni kazi ya miaka. Kwa hiyo kila huduma naiuliza hivi: ikilala siku nzima na fundi yuko safarini, nani ataumia, na nani ataweza kuiamsha?

Faili za pamoja hupita bila ubishi. Samba, programu ya kugawana faili kwenye mtandao wa ofisi, imekuwepo tangu 1992, na kompyuta za Windows huiona kama seva ya kwao. Tengeneza folda chache kwa kufuata kazi, yaani uhasibu, mauzo na utawala, na kila mtu apewe jina lake na nywila yake. Tangu toleo la 4.0, la mwaka 2012, Samba inaweza pia kuwa domeni kamili, yaani mfumo mmoja unaosimamia watumiaji na kompyuta zote. Kwa kompyuta kumi sishauri. Domeni inataka DNS yake (huduma ya kutafsiri majina ya kompyuta kuwa anwani) na saa zinazolingana, na siku ikiyumba, ofisi nzima inayumba nayo. Ukikutana na skana kuukuu inayodai SMB1, toleo la kale la lugha ya kugawana faili ambayo Samba na Windows huitumia, ipe folda yake kwa FTP, njia nyingine ya kuhamisha faili. Usiifungue SMB1 kwa ajili yake: WannaCry, programu hasidi ya kudai fidia ya Mei 2017, ilienea kwa kupitia udhaifu wa SMB1 kwenye Windows.

Bakapu, yaani nakala ya akiba, ndiyo ningeipa pesa nyingi kuliko prosesa. Wateja huniambia, "Si tuna diski mbili za RAID?" RAID 1, yaani diski mbili zinazobeba data ileile, inakukinga diski moja inapokufa, basi. Mhasibu akifuta leja, inafutika kwenye diski zote mbili papo hapo. Napendelea faili zikae kwenye Btrfs, mfumo wa kupanga faili kwenye diski, seva ipige picha ya data (yaani iihifadhi ilivyo wakati huo) kila saa, na Samba izionyeshe picha hizo kwa Windows. Mhasibu anabofya faili kwa kitufe cha kulia na kurudisha leja ya asubuhi mwenyewe, bila kunipigia simu. Usiku, restic, programu ya bakapu, inanakili data kwenye diski ya nje. Diski hizo ziwe mbili za kupokezana, moja ikilala nje ya ofisi. Restic husimba kila kitu, hivyo mwizi wa diski haambulii kitu. Ila nywila yake ikipotea nanyi hamuambulii kitu, kwa hiyo iwe na watu wawili. Na mara kwa mara rudisha faili moja uone kama kweli inafunguka.

Umeme nao. UPS (betri ya kushikilia umeme unapokatika) isiyounganishwa na seva kwa waya wa USB inachelewesha tu kuzimika. Weka NUT, programu inayoisoma UPS, ili betri ikikaribia kuisha seva ijizime yenyewe kwa utaratibu, kisha uweke kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) iwake umeme ukirudi.

Barua pepe ibaki nje. Postfix, programu ya seva ya barua pepe, utaiweka mchana mmoja, lakini barua zako kufika ni habari nyingine: watoa huduma wengi wa intaneti hufunga poti 25, mlango ambao seva hupitishia barua, na tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti ya SPF na DKIM, njia za kuthibitisha kuwa barua imetoka kweli kwa anayedai kuituma. Lipieni huduma ya nje. Squid, programu ya kuhifadhi kurasa za tovuti ili zifunguke haraka, nayo imepitwa na wakati, kwani karibu kila tovuti sasa ni HTTPS, yaani imesimbwa, na kurasa zake haziwezi kuhifadhiwa hivyo.

Wanaofanya kazi nyumbani waingie kwa WireGuard, njia iliyosimbwa (VPN) ya kufikia mtandao wa ofisi kupitia intaneti, wala usifungulie Samba kwa intaneti. Kama laini yenu haina anwani yake ya umma (inayofikika kutoka intaneti), kama zilivyo nyingi za simu, kodi seva ndogo ya mtandaoni iwe kituo cha katikati.

Mfumo wenyewe? Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, bila mazingira ya picha (madirisha na vitufe vya kubofya), masasisho ya usalama yakijiweka yenyewe. CentOS 8, toleo jingine la Linux, iliahidiwa kutunzwa hadi 2029, ikakatishwa mwisho wa 2021. Tangu hapo naangalia kwanza nani anautunza mfumo, ndipo niangalie uwezo wake. Kamera zibaki kwenye kinasa chake, kwa sababu huandika usiku na mchana, na diski ikijaa video ya maegesho, leja ndiyo itakayokosa pa kuhifadhiwa.