Je, wajua kwa nini kujaza gesi hakuongezi nguvu ya upepo wa AC ya gari?

Gari likikwama kwenye foleni ya Buzuruga jijini Mwanza saa nane mchana, AC imefunguliwa hadi namba ya mwisho na kinachotoka dashibodini ni upepo wa kinyonge usioweza kupeperusha hata risiti ya mafuta, neno la kwanza litakalosemwa na abiria, na mara nyingi na fundi pia, ni kwamba gesi imepungua. Maelezo hayo yameenea kiasi kwamba watu hulipia kujaziwa gesi, huondoka na upepo uleule, kisha hurudi kujaziwa tena. Ukweli ni kwamba gesi ya kiyoyozi, ambayo katika magari mengi ya hapa nchini ni ile iitwayo R134a, haipulizi kitu chochote. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, haikutani na hewa anayoivuta abiria, na kazi yake ni kuchukua joto la ndani ya gari na kwenda kulitupa nje, kwenye kondensa iliyo mbele ya rejeta. Upepo ni kazi ya feni ya umeme iliyofichwa nyuma ya dashibodi, na feni hiyo huvuma hata katika gari ambalo gesi yake imekwisha kabisa.

Kwa kuwa dhana hii ni ngumu kung'oka, inafaa kuipitia polepole. Chukua feni ya mezani, uiweke nyuma ya pazia jepesi lililoloweshwa maji ya baridi, kisha uketi upande wa pili. Ubaridi utakaoupata unatoka kwenye maji, na nguvu ya upepo inatoka kwenye feni. Ukimwagia pazia maji ya baridi zaidi, ubaridi utaongezeka, lakini feni haitaongeza mwendo kwa sababu hiyo. Ukiacha maji yapate joto, upepo utaendelea kuja vilevile, ila hautakuwa na baridi. Pazia likishika vumbi hadi vitundu vyake vikazibika, upepo utafifia hata kama maji ni ya barafu. Ndani ya gari, pazia hilo ni evaporeta, yaani kifaa chenye vibati vyembamba vya alumini vilivyobanana sana, ambavyo hewa yote ya kiyoyozi hulazimika kupenya katikati yake. Gesi ndiyo inayoshika nafasi ya maji. Dereva aliyewahi kusubiri kivuko cha Kamanga injini ikiunguruma taratibu anaijua hali ya upepo kubaki uleule huku ubaridi ukipungua, kwa kuwa kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi kwenye mabomba, huzunguka polepole na kondensa haipati hewa ya mwendo. Huo ni ugonjwa mwingine kabisa.

Kipimo chake hakigharimu kitu. Zima kitufe cha AC, uache feni peke yake kwenye namba ya mwisho. Upepo ukibaki dhaifu, gesi iachwe kwanza. Feni ikivuma kwa kelele na hewa ikatoka kidogo, njia imeziba. Ikiwa kimya au ikizunguka kwa kusuasua, tatizo huenda liko kwenye mota yake au kwenye umeme. Feni inayofanya kazi kwenye namba ya mwisho tu mara nyingi imeunguza rizista, kifaa kinachopunguza umeme wa feni kwenye namba za chini.

Kwenye magari mengi kinachoziba kwanza ni filta ya AC, ambayo kwa Toyota nyingi hukaa nyuma ya droo ya dashibodi na hutolewa bila bisibisi. Watengenezaji wengi hushauri ibadilishwe kila kilomita 15,000 hadi 30,000, lakini barabara za vumbi za kiangazi hufupisha umri huo, na hapa kando ya Ziwa Victoria kuna nyongeza ya ajabu: wale wadudu wadogo wa ziwani, ambao huishi wakiwa viluwiluwi kwenye tope la chini ya maji, kisha huibuka kwa makundi makubwa yanayoonekana kwa mbali kama moshi uliosimama juu ya ziwa. Hawaumi, lakini hufuata taa, na mdomo wa kuvutia hewa ya nje uko chini ya kioo cha mbele, karibu na waipa. Filta iliyokaa muda mrefu hutoka ikiwa ya kijivu, mikunjo yake imejaa vumbi, vijani vya mwarobaini na mabawa yaliyokauka. Kuipuliza kwa kompresa ya gereji husaidia kidogo, ingawa huweza kuichana. Mpya ni bora, ikiwekwa kwa kufuata mshale wa mwelekeo wa hewa. Kuna pia magari yenye nafasi ya filta isiyo na filta ndani yake, na hapo uchafu huenda moja kwa moja kwenye evaporeta, ambako huganda juu ya vibati vilivyolowa.

Pamoja na hayo yote, gesi haiwezi kuondolewa lawama kabisa, na hapa ndipo mambo yanapogeuka kwa namna ya kuchekesha. Upepo ukianza kwa nguvu, ukafifia baada ya mwendo mrefu, kisha ukarudi AC ikizimwa kwa dakika kadhaa, evaporeta inaganda barafu. Hewa ya ziwani ina unyevu mwingi, na unyevu huo hudondoka kama maji chini ya gari. Vibati vikishuka chini ya nyuzi 0, maji huganda na kuziba nafasi zote. Sensa ya joto iliyokufa huweza kuleta hali hiyo. Gesi iliyopungua kiasi huweza pia, kwa sababu shinikizo likishuka, gesi huchemka kwenye baridi kali zaidi: R134a katika shinikizo la kawaida la hewa huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikipungua mno, swichi ya shinikizo huzima kompresa na barafu haitokei. Kwa hiyo fundi anayelaumu gesi huweza kuwa sahihi mara chache, lakini hata hapo kujaza peke yake hakutoshi, kwa kuwa gesi haiungui kama petroli. Ikipungua imevuja mahali fulani, na mahali hapo hutafutwa kabla ya mtungi kufunguliwa.