Weka fomu kando, leta madaftari: mazungumzo ya kufunga mwaka na mwalimu

Muhula wa tatu hapa Uganda huisha mbio mbio. Mapema Novemba darasa la saba wanakalia PLE, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, kisha inakuja mitihani ya madarasa mengine, kusahihisha na kujaza ripoti, na kufumba na kufumbua ni Desemba, walimu wanafunga mizigo. Katikati ya pilikapilika hizo mimi, mkufunzi ninayezunguka shule za msingi huku Busia, mpakani na Kenya, huomba kila mwalimu niliyefanya naye kazi anipe saa moja tuketi. Wengi hukubali kwa adabu tu, na sababu naielewa: wiki hizo hizo ofisi inawadai fomu za tathmini ya utendaji. Mtu aliyetoka kupimwa na mkubwa wake hana hamu ya kukaa mbele ya mwingine mwenye kalamu.

Ndiyo maana siendi na fomu. Kabla ya yote huongea na mwalimu mkuu, nikamweleza wazi kwamba yatakayosemwa hayaingii kwenye faili la mtu. Asipokubali, naona ni heri mazungumzo yasifanyike kabisa, maana mwalimu atanieleza yale tu yasiyoweza kumdhuru, na hayo hayatamfaa mtoto yeyote.

Kisha kuna suala la matokeo. Huku kwetu mwalimu hupimwa kwa PLE: shule imepata daraja la kwanza wangapi? Lakini matokeo hayo hutoka wakati mwaka umeshakwisha, na yanahusu darasa la saba peke yake. Mwanafunzi wa darasa la pili ataukalia mtihani huo baada ya miaka mitano, akiwa amepita mikononi mwa walimu wengine kadhaa. Mwalimu wake wa leo aonyeshwe nini kuhusu kazi yake?

Mimi humwomba alete madaftari ya watoto watatu: aliyemshangaza, aliyebaki pale pale, na mmoja ambaye si rahisi kumkumbuka. Huyo wa tatu ndiye kazi. Katika darasa la watoto zaidi ya mia, wapo wasiofanya fujo, wasiong'ara, wasiokosa shule, na mwaka unapita hakuna aliyewasoma. Tunafungua kurasa za Februari, tunaziweka kando ya za Novemba. (Hilo linawezekana tu mkikubaliana tangu muhula wa kwanza kuyahifadhi madaftari yaliyojaa, kwa sababu nyumbani huishia kuwashia moto.)

Kuna mwalimu wa darasa la tatu aliyefungua daftari la mtoto wa namna hiyo kwa furaha. Hati ilikuwa imenyooka, mistari haipandi wala haishuki. Akafunua ukurasa mwingine, na mwingine, akanyamaza. Kisha akasema, "Anaandika vizuri nilichoandika mimi." Kweli, kurasa zote za Novemba zilikuwa zimenakiliwa ubaoni. Hapakuwa na sentensi hata moja ya mtoto mwenyewe.

Ningeweza kuliona hilo mimi na kulisema. Ila lingekuwa lawama. Alipoliona yeye, likawa swali lake, na jibu alikuwa nalo: kunakili ndiko kunakotuliza darasa lile huku yeye akisahihisha. Hiyo ni sababu ya mtu mwenye akili anayefundisha katika hali ngumu, na mkufunzi anayekimbilia ushauri kabla ya kuisikia sababu hiyo anapoteza muda wa wote wawili.

Na darasa la tatu lina uzito wake. Mtaala ulioanza 2007 ulitaka watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya nyumbani, kisha darasa la nne liwe daraja la kuvukia Kiingereza. Hapa mpakani, Lusamia, Ateso na Kiswahili vikiwa dawati moja, hata kuamua lugha hiyo ya nyumbani ni ipi si jambo dogo. Mtoto asiyejua kutunga sentensi yake katika lugha yoyote atafika darasa la nne akiwa na mizigo miwili. Mwalimu yule aliamua Ijumaa iwe siku ya sentensi za watoto: safu moja waseme, kisha waandike, wengine wakisomeana wawili wawili. Wazo la kusomeana ndilo pekee lililotoka kwangu.

Mazungumzo yenyewe tunayafanya kwa Kiswahili. Yeye Mteso, mimi Msamia; tukishika Kiingereza tunaanza kuongea kama ripoti.

Walimu walionizidi umri huwaanza kwa njia nyingine. Mwalimu aliyekuwepo elimu ya msingi bila malipo ilipoanza 1997 na madarasa yakafurika ameona wakufunzi wengi wakija na miradi na kuondoka nayo. Yeye ndiye anayestahili kuulizwa kwanza: "Mwalimu, mwaka huu nilicholeta kilikusaidia wapi, na wapi kilikupotezea muda?" Naandika anayosema, bila kujitetea. Ratiba yangu ya mwaka unaofuata inatoka hapo.

Mwisho tunachagua jambo moja tu la kujaribu muhula wa kwanza, na wiki nitakayokuja kuliona. Januari mwalimu mkuu anaweza kumhamisha kutoka darasa la tatu kwenda la tano, kwa hiyo namuuliza pia angebeba nini hata akipewa darasa jingine. Madaftari yale matatu hayarudi kabatini. Wiki ya kwanza ya Februari tunakaa watatu, mimi, yeye na mwalimu wa darasa la nne, na yeye ndiye anayemweleza mwenzake watoto hao wanakuja wakijua nini.