Vuli ikiingia watu wanalaumu baridi, kumbe shida ni mwanga

"Baridi ndo inachosha mwili." Hii naisikia kila vuli ya nchi za baridi, majani yakianza kupukutika, na inaniuma kwa sababu mtu anahangaika na masweta huku shida yenyewe iko kwenye mwanga. Ndani ya ubongo kuna saa ya mwili, na hiyo saa inasetiwa kila siku na mwanga unaoingia machoni, sasa vuli jua linachelewa kuchomoza na linawahi kuzama, unaamka bado giza, mwili haujamaliza kutoa melatonini, ile homoni ya usingizi, ndo maana unajiburuza mpaka saa nne asubuhi wakati umelala vizuri tu.

"Si nawasha taa ndani?" Haitoshi hata kidogo! Macho yanazoea haraka kwa hiyo huoni tofauti, ila chumba chenye taa mara nyingi kina luksi (kipimo cha mwanga) 100 mpaka 500, wakati nje hata mawingu yakitanda unapata 1,000 na zaidi. Toka nje asubuhi kama nusu saa hivi, usisubiri jua lionekane. Ukishindwa, basi sogeza meza dirishani. Usiku fanya kinyume, punguza taa na simu.

"Huzuni ya vuli ni uvivu na kudeka." Hapana jamani. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani walieleza sonona inayokuja na msimu: mtu analala kupitiliza, anatamani wanga muda wote, anajitenga na watu, halafu siku zikirefuka anapata nafuu. Na inatibika, kwa taa maalumu ya luksi 10,000 asubuhi, ushauri nasaha au dawa. Ila mwenye bipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) au ugonjwa wa macho aongee na daktari kwanza kabla ya kutumia hiyo taa, maana mwanga mkali unaweza kumharibia. Na kama hali imepita wiki mbili na kazi haziendi, usivumilie, nenda hospitali.

"Nywele mbichi zinaleta mafua." Mafua yanaletwa na virusi, vuli yanasambaa zaidi kwa sababu tunajifungia ndani pamoja na madirisha hayafunguliwi.

"Chanjo ya flu inakupa flu." Ya sindano haina virusi hai, haiwezi. Mkono utauma kidogo, pengine na kahoma ka siku moja mbili, basi. Ila kinga inachukua kama wiki mbili kujengeka, kwa hiyo chanja kabla watu hawajaanza kukohoa.